Kuthibitishwa Kazini Bila Kutengua Udhu

Hongera kwa kazi. Barua ya ajira inasema utakuwa kwenye kipindi cha matazamio kwa miezi sita, na ukiridhisha utathibitishwa. Haikusema kwamba watazamaji ni wa aina mbili. Wa kwanza wanataka kujua kama kazi unaiweza. Wa pili waliguna kidogo siku ya usaili, waliposikia unaitwa Abdulrahmani, au walipoona mtandio wako si wa mapambo, na tangu siku hiyo wanasubiri kuona kama mguno wao ulikuwa na sababu. Hawatakwambia. Watakuuliza kwa upole, huku wakikumiminia chai, "Ratiba yetu hapa inabana kidogo, utaimudu?" Jibu ni ndiyo. Usiulize inabana wapi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya hao wa pili. Wale wa kwanza hawahitaji mwongozo: piga kazi, inatosha. Nauandika nikiwa na Dar es Salaam kichwani, ofisi ya ghorofani maeneo ya Posta, lakini aliyeajiriwa Mwanza au Nairobi ataona mambo yanafanana. Abadilishe majina ya mitaa na saa za swala, mengine ayaache yalivyo.

Kuhusu sheria, ijue, halafu ikunje uiweke mfukoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa dini yake. Ukishafurahi, endelea hadi kifungu cha 35, kinachosema kwamba vifungu vya kumlinda mfanyakazi asiachishwe kazi kionevu havimhusu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Linganisha miezi sita hiyo na ile ya kwenye barua yako. Mwanasheria wa kampuni naye alilinganisha.

Ukitaka mfano wa namna ya kuingia kazini, Qurani inayo miwili. Nabii Yusuf alitoka gerezani akaomba moja kwa moja asimamie hazina ya nchi, na sifa zake alizitaja mwenyewe: mtunzaji, tena mjuzi. Nabii Musa alipata mdhamini, binti wa mwenye mifugo, aliyempendekeza kwa baba yake kwa nguvu na uaminifu, na mkataba ukawa wa miaka minane, na miwili ya hiari juu yake. Miaka minane ya kuchunga, na mahari humohumo. Ukilikumbuka hilo, miezi sita ya kukalishwa karibu na mashine ya fotokopi utaiona nyepesi.

Jambo la kwanza litakalokupata ni kupandishwa cheo, ingawa mwajiri hatahusika. Kabla wiki haijaisha utaacha kuitwa kwa jina lako, utaitwa Ustaadhi, na ukiwa na ndevu hata tatu utapitiliza hadi Shehe. Haijalishi kwamba madrasa uliiacha kwenye juzuu Amma. Utaulizwa habari za wake wanne, na muulizaji ni yule mwenye nyumba tatu asizozitangaza. Utaulizwa nguruwe ana kosa gani. Ukiteleza ukasema kwenu ni Tanga, utaulizwa majini yanakula nini, na kama unaweza kumwazima mtu moja hadi mwisho wa mwezi. Wako wanaouliza kwa kutaka kujua, na hao wajibu vizuri. Utawatambua kwa sababu wanasubiri jibu. Kwa waliobaki, usithubutu kusema "sijui". Neno hilo limewasitiri wanazuoni wakubwa kwa karne kumi na nne, lakini wao hawakuwa kwenye matazamio.

Kisha itafika siku chaja ya kompyuta itapotea. Meza zote zitageuka kukutazama. Mtu atasema, kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi, "Ustaadhi, tusomee albadiri." Hapo ndipo wapya wengi wanapoharibu. Yupo anayekimbilia kueleza kwamba kisomo hicho ni cha kuwakumbuka watu wa Badri, vita vya mwaka wa pili wa Hijra, na kwamba masheikh wenyewe wanahitilafiana kuhusu kumsomea mwizi. Yote ni sahihi, na hakuna aliyebaki kumsikiliza. Yupo anayekubali, na kesho yake analetewa jina la shemeji wa mtu. Wewe usikubali wala usikatae. Fumba macho kidogo, kohoa, uliza, "Ilionekana mara ya mwisho saa ngapi?" Kabla ya saa nane chaja itakutwa chooni juu ya tangi la maji, na hakuna atakayejua ilifikaje huko. Kamera za ulinzi hazijawahi kupata mafanikio ya namna hiyo. Kungekuwa na haki, jambo hili lingekuwa na nafasi yake kwenye fomu ya tathmini.

Sasa swala, ambayo ndiyo hasa iliyowagunisha. Bosi wako anaamini Mwislamu hutoweka kazini mara tano kwa siku. Hesabu yenyewe ni hii. Alfajiri uko kwako, au ndiko unakotakiwa kuwa. Magharibi na isha ziko kwenye foleni ya kurudi nyumbani au nyumbani kwenyewe. Zinabaki mbili. Dar es Salaam adhuhuri huingia karibu saa 6:07 mchana mwanzoni mwa Novemba na karibu saa 6:37 katikati ya Februari, siku zilizobaki inacheza katikati ya hapo, na wakati wake unaendelea hadi alasiri, inayoingia baina ya saa 9 na saa 10. Mapumziko ya mchana ofisi nyingi ni saa 7 hadi saa 8, na sheria ileile inampa dakika 60 mtu anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Kwa hiyo adhuhuri yako yote inaingia ndani ya saa ya chakula, na wali samaki unabaki na nafasi yake. Alasiri inataka dakika kama saba. Mwenzako anayevutia sigara kwenye ngazi za nyuma huzimaliza dakika hizo kabla ya chai ya saa nne, na yeye hakuulizwa kama ataimudu ratiba.

Lakini hesabu hiyo usimwonyeshe bosi. Ukimwonyesha atagundua kwamba hapakuwa na tatizo, na wakubwa hawampendi mtu anayewaondolea tatizo ambalo walikuwa bado wanalitafakari. Omba ruhusa maalumu. Mwache alale nayo siku mbili, mwache akukubalie kwa uzito. Kwenye kikao cha mameneja atajisimulia jinsi alivyo mtu wa watu wote, na jina lako litatajwa vizuri mahali ambapo hukuwepo.

Chumba cha swala hakipo, utapewa stoo. Utaswali baina ya mafaili ya mwaka 2009 na mti wa Krismasi wa plastiki. Kibla isikusumbue: Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Dar es Salaam, longitudo zake na zetu hazipishani hata digrii moja. Kama kaskazini ya stoo ni mlangoni, elekea mlangoni, na uombe asiingie mtu. Ataingia. Anataka rimu ya karatasi. Akikukuta umesujudu atasema "samahani", kisha "hodi", kisha tena "samahani", kwa mpangilio huohuo, na jioni atawauliza wenzake kama unaumwa kichwa.

Udhu ni mtihani mzito kuliko swala yenyewe. Hakuna namna ya heshima ya kupandisha mguu kwenye sinki la ofisi, na mkurugenzi wa fedha, ambaye mwezi mzima hajaonekana ghorofa yenu, ataingia dakika ambayo kidole gumba cha kulia kiko chini ya bomba. Utasalimiana naye kwa mguu mmoja. Ndiyo maana wakongwe hutoka na udhu wao nyumbani na kuulinda hadi alasiri, na ndiyo maana huwaoni kwenye maharage ya mama lishe.

Ijumaa ndiyo siku ya hatari, na hatari hiyo bosi hana mkono ndani yake. Inatoka kwa ndugu zako waliokutangulia hapo. Utakuta wameshaweka desturi: saa 5 kanzu inatoka kwenye mfuko, saa 5 na nusu wameaga, na hawaonekani tena hadi Jumatatu. Msikiti wa Ngazija na ule wa Kitumbini iko katikati ya mji, hatua chache kutoka ofisi nyingi za Posta, na khutba na rakaa zake mbili hazichukui mchana kutwa. Hata anayependa kuswali Manyema, Kariakoo, akapitia na kununua mashati mawili njiani, saa 8 anaweza kuwa mezani kwake. Surat al-Jumua inaamuru biashara iachwe inapoadhiniwa, na aya inayofuata inaamuru watu watawanyike swala ikiisha, wakatafute riziki. Aya ya kwanza hawa ndugu wanaijua kwa tajwidi. Ya pili, sijui inakuwaje, kila ikisomwa wao wameshafika Mbagala.

Ukitaka kupendwa na hao, ondoka nao. Watakuita mwenzetu, na mguno wa siku ya usaili utapata shahidi mwingine. Ukitaka kuthibitishwa, rudi saa 8 kamili, upite mbele ya mlango wa bosi ukiwa na kanzu yako, polepole, kisha ukumbuke umesahau kitu na upite tena. Na yule mzee wa masijala atakayekwambia kwamba watu wa pwani ni wavivu tangu enzi, mpe shikamoo yake, halafu umkumbushe kwamba Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga miaka ya 1890, makarani waliotoka huko kwenda kuandika barua za serikali bara wengi wao walikuwa Waislamu wa pwani. Hatabadili mawazo, ila atabadili mazungumzo.

Dada yangu, mtihani wako unavaliwa, kwa hiyo huna namna ya kuuficha hadi mwezi wa saba. Watakuuliza kama husikii joto. Swali hilo linaulizwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi cha digrii 18, na muulizaji amejitanda khanga mabegani na kukumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili. Wewe peke yako ndiye uliyevaa kwa hali ya hewa ya ofisi hiyo. Usimjibu, muulize kama anataka mtandio wa akiba. Atakuja mwingine, kwa nia njema kabisa, akwambie kwamba ungependeza zaidi pale mapokezini kama... na hatamalizia. Nawe usimmalizie. Mtazame kwa hamu, mwache na sentensi yake, hadi aende kupokea simu ambayo haikulia. Kupeana mikono na wanaume kusikusumbue: kiganja kifuani na tabasamu vinatosha. Mwaka 2020 wakubwa wa dunia nzima walisalimiana hivyo, na hawakuulizwa ni wa madhehebu gani.

Tufike kwenye fedha, maana huko ndiko utakakojengewa heshima na kutegewa mtego kwa mkupuo mmoja. Kwa kuwa u Ustaadhi, utakabidhiwa michango ya ofisi, misiba na harusi, na sababu itatamkwa mbele ya wote: "Ustaadhi haibi." Ni sifa nzuri, ingawa mtunza hazina aliyepita alikuwa ameketi palepale. Kisha siku moja utatumwa Kariakoo kununua vifaa, na mwenye duka, kabla hujaomba chochote, atainua kalamu na kukuuliza, "Risiti niandike ngapi?"

Hicho cha juu, kinachoongezwa kwenye risiti, hakina harufu. Hakilevyi mtu. Ndiyo maana utamkuta mtu asiyeweza kukaa meza moja na sahani ya kitimoto, yaani nguruwe, amepanda daladala na elfu arobaini za cha juu mfukoni, midomo ikicheza kwa nyiradi. Posho ya siku tatu Dodoma, aliyoitumia siku moja na nusu, haimkwami kooni, hiyo anaiita fungu lake. Kwa hiyo kama shabaha yako ni kuonekana Mwislamu safi, shughulika na kitimoto. Kipo, kinaonekana, kimepashwa moto kwenye maikrowevu ya jikoni kabla ya chakula chako, unaweza kukitolea hotuba na ukapata wasikilizaji.

Kama unataka usumbufu, mwambie mwenye duka aandike bei aliyokuuzia. Atakuuliza mara mbili kama umemwelewa. Ofisini rimu ya karatasi itakuwa imeshuka bei ghafla, na mkuu wa manunuzi atakuita, afunge mlango, atake kujua ulinunua kwa nani, kwa nini huko, na umetumwa na nani. Hiyo itakuwa mara ya kwanza dini yako kumtisha mtu pale ofisini kwa sababu ya maana. Sina hakika kama itakusaidia kuthibitishwa. Kwenye ofisi nyingine hilo ndilo linalowakwamisha watu, na afisa utumishi ataandika tu kwamba "hukuendana na mazingira".

Siku ya tatu kazini utaletewa fomu ya Saccos, yenye riba yake. Sema hapana kwa adabu. Mshahara ukiomba upitie Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, mhasibu atakuuliza huko wanapataje faida, na utajikuta unatoa darasa la murabaha kwenye foleni ya kusaini malipo. Ila jua kwamba mtu asiyechukua mkopo wa riba anadhaniwa hana shida. Kabla mwezi haujaisha watakuwa wanakukopa wewe, bila riba na bila tarehe.

Ramadhani ikikukuta ndani ya matazamio, ipokee kwa uso mkunjufu. "Hata maji?" Hata maji. Usigune, usilaze shavu kwenye meza, usimwambie kila mteja kwamba leo funga imekukaba. Anayefunga kwa kuugua mbele za watu anaitafutia swaumu yake mashahidi, na mashahidi hao ndio watakaomwambia bosi kwamba mwezi mzima hukufanya kitu. Utagundua pia kobe wa ofisi yenu, yule ndugu ambaye mwezi huo ana safari nyingi za kwenda kutoa fotokopi na anarudi akifuta midomo. Usimfichue. Mchana wake ni mgumu kuliko wako, anakula amesimama, nyuma ya pazia, akisikiliza hatua za watu. Na atakayekukumbusha kwamba magharibi imekaribia ni Mkristo wa dawati la pili, kwa sababu ulimwahidi kaimati. Zilete, tena nyingi, na tambi za nazi. Hakuna ripoti ya robo mwaka iliyowahi kusomwa kwa moyo kama zile sahani zinavyosubiriwa.

Afisa utumishi anapenda mipango ya mapema, basi mpe. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hivyo mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, hesabu za mwaka zinapofungwa. Mwarifu leo, kwa maandishi. Kisha atakuuliza kitu kidogo tu, Idd ya mwaka huu ni lini, ajaze zamu. Mwambie Jumatatu au Jumanne, mwezi ukiandama. Ataweka kalamu chini. Usiendelee kumweleza kwamba wapo wanaomsubiri Mufti na wapo wanaofuata Makka, na kwamba wewe na Mwislamu mwenzako wa ghorofa ya pili mnaweza kupeana mkono wa Idd siku mbili tofauti. Serikali inatoa mapumziko ya siku mbili kwa Idd el-Fitr, jifiche humo. Ukitaka kuaminiwa zaidi, jitolee zamu ya Krismasi na ya Pasaka. Utakuwa peke yako na mlinzi, simu hazilii, na fadhila hiyo utaidai siku ambayo mwezi utatangazwa saa 3 usiku.

Mtihani wa mwisho ni sherehe ya kufunga mwaka. Kwa kuwa hunywi, wewe ndiye utakayewarudisha watu makwao, Tabata, Mbezi, Kigamboni, na njiani utasikia mishahara ya ofisi nzima, nani anaondoka Februari, na nani hasa aliguna siku ya usaili wako. Jumatatu jifanye hukusikia. Wataanza kukuheshimu kwa namna ambayo cheti chochote kisingekupa.

Lakini kabla ya hapo kuna mbuzi. Yupo hai, amefungwa kwenye mwembe nyuma ya ukumbi tangu asubuhi, na kamati ya sherehe, ambayo haina Mwislamu hata mmoja, imekubaliana kwa adabu zake zote kwamba achinje Mwislamu ili kila mtu ale. Hawakuhitaji kupiga kura. Wewe ni mhasibu, umezaliwa Ilala, na nyama unaijua ikiwa kwenye mfuko wa buchani. Sasa wamekuzunguka wote, bosi akiwemo, wakiwa na imani nawe ambayo hujawahi kuiona kwenye ripoti yoyote, na mtu ameshakuletea kisu. Mtafute mlinzi wa getini, yule mzee unayempa shikamoo kila asubuhi. Amechinja tangu ujana wake na miaka yote amekuwa akisikia harufu ya mchuzi akiwa getini. Mwambie, "Mzee wangu, nistiri." Ukimkosa, hakikisha kisu ni kikali, mbuzi aelekezwe kibla, bismillahi itoke kwa sauti, na fulana yenye nembo ya kampuni uivue kwanza, kwa sababu wataikata kwenye mshahara.